Chupa Moja, Ahadi Tatu: Mazungumzo juu ya tezi dume, nywele na dawa za nguvu za kiume

(Haya ni maneno ya mhudumu wa jamii kutoka kambini, aliyoyatoa Masoro, Kigali, mbele ya wakimbizi wanaoishi na kufanya kazi karibu na viwanda. Tumeyachapa ili na walioko kambini wayapate. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.)

Wazee wangu, akina baba, akina mama, na ninyi vijana wenzangu,

Nawashukuru kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili na kuja kunisikiliza. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku kiwandani na macho bado yana usingizi. Sitawachosha.

Kwanza naomba radhi. Mimi ni kijana, sijafika miaka thelathini, na leo nitataja mambo ambayo kwa desturi yetu mtoto hayataji mbele ya baba yake. Lakini wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wakasema tena, mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali niwakosee adabu kidogo leo kuliko kuja kuwalilia kesho.

SABABU YA KUJA KWANGU

Kambini nina jirani, mzee wa miaka sitini na tatu. Ameniruhusu kusimulia habari yake, ila jina lake nisilitaje. Mzee huyu alikuwa akiamka usiku mara tano kwenda choo cha pamoja, na tochi yake mkononi. Akifika huko alisimama muda mrefu, mkojo ukatoka kidogo kidogo, kisha akarudi kulala bila kujisikia kuwa amemaliza. Mkewe alipomuuliza, alijibu, "Ni uzee tu."

Akaja mchuuzi mmoja na chupa. Akamwambia kuwa chupa hiyo ni ya miti ya asili, huongeza nguvu za mwanaume, huotesha nywele zilizopotea, na husafisha tezi dume. Mzee alinunua chupa ya kwanza kwa faranga elfu kumi na tano. Hakuona nafuu. Aliambiwa dawa inahitaji chupa tatu ili ifanye kazi. Alinunua ya pili kwa pesa za chakula, na ya tatu akauza mbuzi.

Usiku mmoja mkojo ulifunga kabisa. Tumbo chini ya kitovu lilivimba likawa gumu kama ngoma. Alilia kama mtoto, yeye mzee ambaye hatukumwona akilia hata siku tulipovuka mpaka. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Muuguzi alimwekea mpira wa kutolea mkojo, na mkojo uliotoka ulizidi lita moja. Daktari alisema figo zilikuwa zimeanza kuumia kwa sababu mkojo ulikuwa ukirudi nyuma kwa miezi mingi.

Mungu amesaidia, mzee yu hai. Sasa anakunywa kidonge kimoja kila usiku, na anaamka mara moja tu. Lakini mbuzi hakurudi, na figo hazikurudi zote kama zamani. Mimi niliyekaa naye nyumba kwa nyumba sikujua lolote. Ndiyo maana nimekuja, kwa kuwa nimesikia kwamba chupa kama ile inauzwa hapa Masoro pia, kwa wazee na kwa vijana.

NENO LA LEO

Chupa tupu ya mzee ninayo hapa mkononi. Itazameni. Imeandikwa ahadi tatu: nguvu za kiume, nywele, na tezi dume. Neno langu la leo ni hili: ahadi hizi tatu hazikai pamoja katika chupa moja, na ukielewa kwa nini, hakuna mchuuzi atakayekudanganya tena. Nitajaribu kueleza kama nilivyofundishwa na wauguzi, na kama nilivyosoma.

TEZI DUME NI KITU GANI?

Tezi dume ni kiungo kidogo alicho nacho kila mwanaume. Kwa kijana uzito wake ni kama gramu 20. Iko chini ya kibofu cha mkojo, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi.

Mwanaume akizidi miaka arobaini, tezi hii huanza kukua polepole. Kwa makadirio ya madaktari, karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wana ukuaji huo, na kwa waliopita miaka themanini ni wengi zaidi. Pete inapokua, hubana kidole. Ndivyo mrija wa mkojo unavyobanwa.

Tafadhali mshike mambo matatu hapa:

1. Kukua huku kwa kawaida si saratani, na hakugeuki kuwa saratani.
2. Hakuambukizi, hakuletwi na uchawi, wala si adhabu ya kuwa na wanawake wengi au kukaa bila mke.
3. Saratani ya tezi dume ni ugonjwa mwingine. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na saratani ikiwa changa mara nyingi haina dalili yoyote. Wanaume wenye asili ya Afrika wanaipata zaidi kuliko wengi wengine, na mtu ambaye baba yake au kaka yake aliipata yuko katika hatari zaidi.

HOMONI MOJA, KAZI NYINGI

Mwili wa mwanaume hutengeneza homoni iitwayo testosteroni, zaidi katika korodani. Ndiyo inayoleta ndevu, sauti nzito, misuli na hamu ya ndoa. Sehemu ya testosteroni hiyo hugeuzwa na mwili kuwa homoni ya pili yenye nguvu zaidi, ambayo madaktari huiita DHT. Hii ya pili ndiyo inayokuza tezi dume. Na hiyo hiyo, kwa mtu aliyerithi upara kutoka ukoo wake, hudhoofisha mashina ya nywele za utosini mpaka zinakuwa laini na kupotea.

Tunajuaje? Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani aitwaye James Hamilton alieleza habari za wanaume waliopoteza korodani kabla ya kubalehe. Hawakupata upara. Lakini walipopewa testosteroni, wale ambao ukoo wao una upara walianza kuupata.

Mwaka 1974 wataalamu wengine walieleza habari za watu wa kijiji kimoja katika Jamhuri ya Dominika. Wanaume fulani wa huko walizaliwa na kasoro, mwili wao hauwezi kugeuza testosteroni kuwa ile homoni ya pili vizuri. Testosteroni wanayo ya kutosha, misuli wanayo. Lakini tezi dume yao ilibaki ndogo, ndevu zilikuwa chache, na utosi haukupata upara.

Kutokana na habari hiyo ilitengenezwa dawa iitwayo finasteridi. Kazi yake ni kuzuia testosteroni isigeuzwe. Marekani iliruhusu itumike kwa tezi dume mwaka 1992, na kwa nywele mwaka 1997, kwa kipimo kidogo zaidi. Inapunguza tezi polepole, kwa miezi sita au zaidi, na haipewi kila mtu. Kwa wanaume wengine hupunguza hamu ya ndoa. Vidonge vilivyovunjika visishikwe na mama mjamzito, kwa sababu vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Tena dawa hii hushusha karibu kwa nusu kipimo cha damu kinachosaidia kutafuta saratani. Kwa hiyo anayeitumia lazima amwambie daktari kabla ya kupimwa.

Sasa rudini kwenye chupa. Dawa iliyothibitishwa kusaidia nywele na tezi hufanya kazi kwa KUPUNGUZA kazi ya homoni. Chupa inasema INAONGEZA homoni, na papo hapo inaponya nywele na tezi. Ni kama mtu akuambie ana mafuta ya kuwasha moto na ya kuuzima, yote katika bidoni moja. Labda chupa haifanyi lolote, au inafanya kitu ambacho hakikuandikwa.

Siwaambii kwamba testosteroni ni sumu. Mwanaume bila homoni hiyo ni mgonjwa, na wako watu wachache ambao daktari huwapima damu na kuwaongezea. Lakini kwa mtu mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, homoni hiyo ni kama chakula cha saratani. Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha jambo hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hadi leo madaktari hutibu saratani hiyo kwa kuzuia testosteroni. Mzee ambaye hajapimwa, naye anakunywa cha kuongeza, anacheza kamari na mwili wake.

JE, MITI YETU HAINA DAWA?

Najua mtaniuliza, "Mtoto, unadharau dawa za babu zetu?" Hapana, wazee wangu. Mti mmoja wa kwetu unajulikana duniani kote kwa ugonjwa huu.

Wataalamu huuita Prunus africana. Wanyarwanda huuita umwumba. Unaota katika misitu ya milimani, toka Kameruni mpaka Kenya na Madagaska, na sisi tuliotoka Kivu tunaufahamu. Upande wa Beni, Lubero na Butembo watu wengi wamebeba magunia ya magome yake kwenda kuuza, bila kujua yanakokwenda. Yalikwenda Ulaya. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili haki ya dawa ya magome hayo kwa tezi dume, na dawa hiyo imeuzwa Ufaransa kwa miaka mingi.

Je, inasaidia? Mwaka 2002 yalitolewa mapitio ya tafiti 18 zenye wanaume 1,562. Waliotumia dawa ya magome hayo waliamka usiku mara chache zaidi, kwa asilimia 19, na mkojo wao ulitoka kwa nguvu zaidi, kwa asilimia 23, kuliko waliopewa dawa ya bandia isiyo na kitu. Hiyo ni nafuu ya kiasi, na tusiikane. Lakini waandishi wenyewe walisema tafiti hizo zilikuwa ndogo na za muda mfupi.

Kuna mambo mengine ya kujua. Dawa iliyopimwa haikuwa magome yaliyochemshwa katika sufuria. Ilikuwa mafuta ya magome yaliyokamuliwa kiwandani kwa kemikali na kupimwa, miligramu 100 au 200 kwa siku. Unga wa sokoni hujui ni gome gani wala kiasi gani. Tena mti ukichunwa gome pande zote unakufa. Kwa sababu ya uchunaji huo, tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES na inahitaji kibali.

Kwa hiyo hata mti wetu wenyewe, ulio wa kweli, hupunguza usumbufu tu. Hauondoi saratani, haufungui mkojo uliofunga, na hauotesh­i nywele.

MITI YA MBALI

Kwenye chupa nyingi mtaona maneno saw palmetto. Huo ni mti mdogo wa jamii ya minazi, wa kusini-mashariki mwa Marekani. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti wa wanaume 225 walioutumia, au waliopewa dawa ya bandia, kwa mwaka mzima. Hakukuwa na tofauti. Mwaka 2011 ukatolewa mwingine wa wanaume 369, kipimo kikaongezwa hadi mara tatu. Hakukuwa na tofauti tena. Mtu anauza mbuzi kununua kitu ambacho Wamarekani wenyewe wamekipima na kukiona hakifui dafu.

Wengine wanauza madini ya zinki. Mtu aliyepungukiwa zinki akipewa atapata faida. Asiyepungukiwa hapati nguvu mpya, na akizidisha kwa muda mrefu anaweza kuharibu damu. Maharage, nyama, dagaa na mbegu za maboga vina zinki. Kuleni mbegu za maboga kama chakula kizuri, na msizitegemee kama dawa.

KILICHOFICHWA NDANI

Mtu ataniambia, "Lakini mimi nilikunywa, nikaona nguvu usiku ule ule." Namsadiki. Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana mizizi haifanyi kazi kwa nusu saa.

Mwishoni mwa mwaka 2018, mamlaka ya dawa ya Uganda ilipima kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia. Mwanaume mmoja alikuwa amelalamika kwamba jasho linamtoka bila kukoma na uume haulali. Ndani walikuta sildenafili, ile dawa ambayo watu huijua kwa jina la Viagra. Kwenye chupa haikuandikwa. Mwaka 2019 Zambia nayo ilithibitisha, na kinywaji kikasimamishwa.

Sildenafili ni dawa ya kweli ikitolewa na daktari. Ikifichwa katika chupa inaweza kuua, hasa mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti. Zikikutana hizo mbili, shinikizo la damu huanguka ghafla. Mzee anafia chumbani, na watu wanasema amerogwa.

Kwa hiyo neno "asili" kwenye karatasi ya chupa si ulinzi. Hapa Rwanda iko mamlaka ya chakula na dawa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, na dawa halali huandikishwa kwayo. Tazama chupa: ina jina la kiwanda? Ina tarehe ya mwisho? Ina namba ya toleo? Hii ya mzee haina hata kimoja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

NENO KWA VIJANA

Vijana wenzangu, najua baadhi yenu mnanunua chupa hizi ingawa hamna ugonjwa. Mmoja anaona nywele zinarudi nyuma. Mwingine anachoka, hana hamu, mke ananung'unika. Niwaambieni mawili.

Kwanza, uchovu. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti mdogo wa vijana kumi wenye afya. Walilala saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Ninyi mnaofanya zamu ya usiku kisha mchana mnatafuta kibarua kingine, mnalala saa ngapi? Dawa ya kwanza ya nguvu ni usingizi. Ya pili ni kupunguza pombe. Ya tatu ni kupunguza kitambi. Hazina chupa, ndiyo maana hazina mchuuzi. Tena nguvu zikipungua kwa muda mrefu, kapime kisukari na shinikizo la damu, maana mara nyingi huanza kujionyesha hapo. Na wengi wetu tuna mawazo mazito ya yale tuliyoyaona njiani. Nayo huondoa nguvu, na yana wahudumu wake wa kuzungumza nao.

Pili, nywele. Upara wa kurithi si ugonjwa. Lakini nywele zikitoka kwa viraka, ngozi ikawa na magamba au kuwasha, hayo yanaweza kuwa mapunye, ambayo hupatikana sana kwa watoto na huambukizwa hata kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Mapunye yanatibika kwa dawa ya kituo cha afya. Usimpake mtoto mafuta ya mchuuzi.

DALILI ZA KUANGALIA

Mzee, au wewe mwenye baba mzee, sikiliza dalili hizi:

1. Kuamka usiku mara mbili au zaidi kukojoa.
2. Mkojo kuchelewa kuanza, kuwa mwembamba, au kukatika katika.
3. Kujisikia kuwa hujamaliza.
4. Kukimbilia choo na kuchafua nguo kabla ya kufika.

Ukiwa na dalili hizi nenda kituo cha afya wiki hii. Si lazima iwe tezi dume. Yaweza kuwa kisukari, kichocho, maambukizi ya mkojo, au kovu katika mrija lililoachwa na kisonono cha zamani. Ndiyo maana chupa moja haiwezi kutibu watu wote.

Na hizi ni za kwenda siku ile ile, hata kama ni usiku:

1. Mkojo kufunga kabisa na tumbo la chini kuvimba.
2. Damu katika mkojo.
3. Homa kali pamoja na maumivu wakati wa kukojoa.
4. Miguu kufa ganzi au kukosa nguvu pamoja na maumivu ya mgongo.

Mkojo ukifunga, usinywe maji mengi ili "kuusukuma". Unaongeza mzigo. Nenda.

UTAKAPOFIKA KWA DAKTARI

Wazee wengi hawaendi kwa sababu ya hofu moja: kidole. Tuseme wazi. Ndiyo, daktari anaweza kuvaa glavu na kupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni muda mfupi sana. Mzee wangu aliniambia, "Mwanangu, niliogopa miaka mitatu jambo lisilofika dakika moja."

Kipimo kingine ni cha damu, kiitwacho PSA. Kikiwa juu hakimaanishi moja kwa moja saratani, kwani maambukizi au tezi kubwa hukipandisha pia. Zungumza na daktari juu ya kipimo hicho ukifika miaka 45, hasa ikiwa baba au kaka yako aliugua.

Matibabu yapo. Kidonge cha mzee wangu kinaitwa tamsulosini. Hulegeza misuli inayobana mrija, na nafuu huonekana baada ya siku au wiki chache. Kinaweza kuleta kizunguzungu unaposimama ghafla, kwa hiyo inuka polepole. Vidonge vikishindwa, upasuaji upo. Saratani nayo ikijulikana mapema ina tiba. Si lazima kwenda India, kwani hospitali ya kijeshi ya Kanombe, isiyo mbali na hapa, ina matibabu ya mionzi tangu mwaka 2019.

Kuhusu gharama: wakimbizi wa mjini walianza kuingizwa katika bima ya Mutuelle de Santé mwaka 2019. Hakikisha kadi yako bado inafanya kazi kabla hujaugua, maana kuuliza mlangoni usiku ni kuchelewa. Walioko kambini waanzie zahanati ya kambi, wapewe karatasi ya kutumwa mbele.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja aliuliza: "Je, nikiacha kunywa maji si nitaacha kuamka?"
Jibu: Baba, punguza saa mbili kabla ya kulala, pamoja na chai na pombe. Lakini mchana kunywa kama kawaida, la sivyo figo zitaumia. Na uangalie dawa za mafua, baadhi yake hubana mkojo. Mwambie muuza dawa kuwa una shida hiyo kabla hajakupa.

Mama mmoja aliuliza: "Mume wangu ana dalili zote, lakini nikimwambia anakasirika. Nifanyeje?"
Jibu: Mama, usimwambie mbele ya watoto. Hesabu tu anaamka mara ngapi kwa siku tatu, uandike. Kisha mpe mwanaume mwenzake amweleze. Kama hayupo, niiteni mimi, nitakuja kama mtoto anayekuja kumsalimu baba yake.

Kijana mmoja aliuliza: "Niliyekwisha kunywa chupa mbili nifanyeje?"
Jibu: Acha. Usione haya kumwambia muuguzi, na umpelekee chupa yenyewe. Ukiwa na maumivu ya kifua, usikubali dawa ya moyo kabla hujataja ulichokunywa. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, kimbia hospitali.

MWISHO

Ndugu zangu, sisi tuliofika hapa mikono mitupu hatuna pesa ya kupoteza. Mchuuzi anajua mahali tunapoona haya, na hapo ndipo anapoweka duka lake. Tukiacha kuona haya, duka linafungwa.

Nawapa kazi moja ndogo. Kila mwanaume aliyepita miaka hamsini, kwa siku tatu kuanzia leo, ahesabu anaamka usiku mara ngapi. Aandike kwenye karatasi, au amwambie mwanawe aandike. Ikiwa ni mara mbili au zaidi, apeleke karatasi hiyo kituo cha afya. Hata asiposema neno lolote, muuguzi atajua pa kuanzia.

Mzee wangu ananiomba niwafikishie salamu zake. Anasema, kama angepata wa kumwambia haya mapema, angekuwa bado anamkamua mbuzi wake.